Karatasi Iliyosema Ijumaa

Ujiji, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Mwaka wa kumi na mbili tangu tushuke hapa kutoka Tabora na masanduku matatu na taipureta moja.

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda kuwaaga wenzako na nyumba imenyamaza, nasikia bati likialika kwa jua. Kesho jioni unapanda treni kwenda Tabora kuanza kazi ya upigaji chapa. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za nani umwamkie mtaani. Mama yako alikufundisha hayo kabla hajafa, na alijua kufundisha. Mimi nina jambo moja tu, nami nimelizunguka mwezi mzima, tangu barua yako ya kazi ilipofika.

Chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, nimeweka bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Nakuomba uipeleke Isikizya, karibu na Tabora, kwa mtu anayeitwa Masanja, fundi wa baiskeli. Ndani yake kuna ushahidi kwamba mimi, baba yako, nilisema uongo, na kwamba yeye amebebeshwa uongo huo mbele ya ndugu zake kwa miaka kumi na miwili. Nilimwambia mama yako, na sikumwambia mwingine. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue kama utaipeleka.

Ulikuwa na miaka minane tulipoondoka, kwa hiyo chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Chemchem, kule Tabora, labda unakikumbuka kwa harufu ya wino na kwa makatazo. Usiguse hiki, usikanyage kile. Mimi nilikiita ofisi. Meza ilikuwa mlango wa zamani niliouweka juu ya makreti manne ya soda. Ulikuwa bado na tundu la kitasa, nami nikapitisha humo waya wa redio. Redio ilikaa kushoto, taipureta katikati, na kulia ile mashine ya kudurufu iliyotupwa na shule moja baada ya mkono wake kuvunjika. Niliichongea mkono mwingine wa mninga, ukadumu kuliko chuma chake.

Kazi nilianza mwaka wa Uhuru, nilipoacha ukarani. Kila alasiri redio ilisoma habari kwa mwendo wa imla, neno moja moja, ili watu wa mikoani wanakili. Mimi nilinakili, nikapiga kwenye stensili, nikadurufu, na karatasi zikaenda vijijini kwa baiskeli na kwa treni ya mizigo. Habari za dunia nilizipa mistari miwili au mitatu. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya matangazo: nani amefariki, mbegu zinagawiwa wapi, chanjo inafika lini. Redio zilikuwa chache vijijini, na mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa machache zaidi. Watu waliziita kwa jina langu, karatasi za Idi. Niliamini kwamba nchi mpya inahitaji mtu wa kukaa mezani na kuandika bila kuacha pengo, na kwamba mtu huyo ni mimi. Kutoacha pengo kulikuwa ndiyo fahari yangu. Likumbuke hilo.

Vyombo vyenyewe vilinicheka kila siku. Joto la Tabora la mwezi wa kumi liliyeyusha nta ya stensili, herufi zikawa kama zimeandikwa na mtu anayelia. Dawa ya kufutia makosa ilipokosekana madukani, nilitumia rangi ya kucha ya mama yako, naye alipokwenda harusini na kucha tupu aliwaambia wenzake kwamba rangi yake imeenda kuijenga nchi. Mjusi aliingia ndani ya redio akafia kwenye nyaya, na siku mbili kila mtu alidhani kituo ndicho kimeharibika. Kuku walipita juu ya karatasi zenye wino mbichi, na toleo zima likafika Goweko lina nyayo. Mtu mmoja huko alituma salamu kuuliza kama hiyo ni alama ya chama kipya.

Na mawe. Yalipokuwa yanachoka niliyaanika juu ya bati kama kila mtu alivyofanya, yapate jua, yaseme siku mbili tatu zaidi. Mama yako alianika mchicha wake pembeni, akasema anaogopa siku moja atapika betri.

Sasa Masanja. Alikuwa mtu mzima, amenipita kimo, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi kabla ya kurudi kwao kulima tumbaku, kwenye kitongoji kimoja upande wa Goweko. Kusoma alijifunza ukubwani, darasa la jioni, na mimi ndiye niliyempa kitabu cha kwanza. Alisoma kwa kidole. Kidole kilitembea chini ya neno, mdomo ukafuata, na hakuvuka neno mpaka limemkubali. Mara mbili kwa wiki alikuja kwa baiskeli kuchukua karatasi za upande wao, na huko alizisoma mwenyewe kwa sauti, watu wamekaa. Ilikuwa desturi yao kwamba karatasi ikishasomwa, wazee wanaigawana kusokotea tumbaku. Karatasi zangu zilikuwa nyembamba, zinashika moto vizuri. Masanja aliniambia hilo kama sifa.

Tena tulikuwa watani. Babu yangu alikuwa Mzaramo aliyefuata msafara kutoka pwani, akafika Tabora, akaoa, akabaki. Babu yake Masanja alikuwa miongoni mwa Wanyamwezi waliobeba mizigo njia hiyohiyo. Utani wetu ulitoka huko, na hatukuuacha ulale.

"Mwangaluka, mzigo wa pwani," alinisalimu kwa Kinyamwezi akiegemeza baiskeli ukutani.

"Karibu, punda wa msafara. Umekuja kubeba?"

"Nimekuja kubeba porojo zako. Zinanivunja mgongo kuliko pembe za ndovu zilivyomvunja babu."

"Babu yako alivunjwa mgongo na pombe."

"Ndiyo, na aliyempa ni babu yako, akaandika kwenye karatasi kwamba ni dawa."

Unajua sheria ya utani. Mtani wako anaweza kukunyang'anya kofia kichwani na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kwanza. Unachimba, unabeba, unawachekesha wenye msiba mpaka waone aibu ya kulia. Kutokwenda kwenye msiba wa mtani ni jambo ambalo watu hawana hata neno lake, kwa sababu halifanyiki.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini niliitengenezea ofisi yangu kengele. Nilizungusha waya wa shaba kwenye msumari, nikachonga kitufe cha mti, nikakiweka nje ya mlango. Kikombe cha kengele kilitoka kwenye baiskeli ya zamani ya Masanja. Alinipa yeye mwenyewe. Ulipenda kuibonyeza, nami nilikufukuza.

"Mlango wako uko wazi mchana kutwa," Masanja alisema. "Nikisimama hapa unaniona. Nibonyeze ya nini?"

"Hii ni ofisi."

"Ofisi gani yenye kuku?"

Wiki hiyo nilipata mawe manne mapya baada ya kupanga foleni asubuhi nzima. Niliyaweka kwenye kengele. Nilikuwa nimeambiwa kwamba bwana mmoja mwenye cheo angepita siku yoyote kuitazama kazi yangu, na nilitaka asimame mlangoni, abonyeze, asikie.

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Na redio je?"

"Redio ina mawe niliyoyaanika."

"Hayo umeyaanika mara ya tano, baba Zuhura. Hata muhogo hauanikwi mara tano."

Nilicheka. Alasiri ile nikakaa mezani. Baada ya habari msomaji akaanza orodha ya vitongoji na siku ambazo malori yangefika kuhamisha watu kwenda kwenye vijiji vipya. Kitongoji cha kwanza, Jumatatu. Cha pili, Jumatano. Cha tatu kilikuwa kwao Masanja. Msomaji alikitaja kwa jina, kisha sauti yake ikashuka kama mtu anayeteremka kisimani, ikaisha.

Kengele ilikuwa hatua nne kutoka mezani. Ningeng'oa mawe yale nikayatia redioni, na ingawa neno hilo lingekuwa limepita, mwishoni orodha ilirudiwa. Siku zote ilirudiwa. Au ningetoka. Mjini kulikuwa na redio nyingine, kulikuwa na watu wa kuuliza, na haikuwa hata jioni. Lakini yule bwana angeweza kufika wakati huo, akabonyeza kitufe kikawa bubu. Nikafikiri: Jumatatu, Jumatano, sasa bila shaka ni Ijumaa. Mpango ulionekana wazi, ulipendeza. Nikapiga: Ijumaa. Pengo halikuwepo.

Bwana yule alikuja kweli, nusu saa baadaye. Alikuta mlango uko wazi, akaingia. Hakuiona kengele. Alisifu mkono wa mninga, akanywa chai, akaenda zake, na sikumwona tena.

Masanja alichukua karatasi siku iliyofuata, akazisoma kwao. Watu wakasikia Ijumaa, wakajipanga kwa Ijumaa. Wanaume wakaingia porini kukata miti ya kujengea huko waendako, wanawake wakaenda kukata nyasi za kuezekea. Walifanya kila ambacho mtu mwenye akili angefanya akijua ana siku tatu. Malori yalifika Jumanne.

Nyumbani walikuwepo wazee na watoto. Mama yake Masanja, Bi Kabula, alikuwa hawezi kutembea. Nyonga ilikuwa imemkatalia mwaka mzima. Walimpakia na kigoda chake na chungu kimoja. Waliorudi kutoka porini walikuta mapaa yameshateremshwa. Michembe ya viazi vilivyokaushwa na mahindi vilikuwa ghalani bila kifuniko, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza siku ileile. Kijiji kipya kilikuwa bado ni vigingi na kamba. Bi Kabula alikaa chini ya turubai, juu ya udongo mbichi, wiki tatu. Nyumba ya Masanja ilipofika kwenye lenta, juu ya milango, alikuwa amekwisha kufa.

Sijui kama angeishi laiti karatasi ingesema Jumanne. Nimeliuliza swali hilo kwa namna zote ninazojua, na wakati mwingine najibu kwamba alikuwa mzee, mgonjwa, na kwamba wangeweza kumlaza kwenye udongo uleule hata kwa siku iliyo sahihi. Jibu hilo halijawahi kunipa usingizi wa siku mbili mfululizo. Wanaume wangekuwepo. Wangembeba kwa kitanda chake. Chakula kingekwenda naye, na nyasi za paa zingekuwa juu ya lori.

Habari za malori nilizipata Jumatano kutoka kwa watu wa treni. Nilikaa kimya. Habari za kifo zilinifikia, nami sikwenda kuzika. Mtani wake. Nilimwambia mama yako kwamba nina homa, na alinitazama akaniwekea maji ya kunywa karibu na kitanda, maana alikuwa ameshajua kwamba si homa.

Siku ya nane baada ya maziko, mchuuzi mmoja wa tumbaku alipita asubuhi akaniambia, "Jiandae, wazee wa kina Masanja wanakuja kwako leo. Wanataka kuona nakala yako." Nilikuwa naweka nakala ya kila toleo kwenye droo, na kila mtu alilijua hilo. Hapo, Zuhura, nilikuwa bado na njia. Nakala ilikuwa pale, imesema Ijumaa. Ningewapa tu. Badala yake nilichukua stensili mpya, nikapiga toleo lile upya, mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye neno lile nikaandika Jumanne. Nikadurufu karatasi moja. Ile ya kweli na stensili yake nikavificha chini ya godoro lako.

Walikuja wanne: Masanja, kaka yake mkubwa Lugendo, na wazee wawili. Lugendo hakuwa amewahi kufika kwetu. Aliona kitufe, akakibonyeza, na kengele ikalia kwa mara ya kwanza kwa mgeni wa kweli. Mlango ulikuwa wazi. Niliwaona wamesimama, na kengele inalia.

Tuliamkiana, tukapeana pole. Lugendo akasema, "Bwana Idi, tumekuja kwa neno moja. Huyu mdogo wetu alitusomea Ijumaa. Malori yakaja Jumanne. Karatasi yenyewe tulisokotea, haipo. Watu wanasema alisoma asichokijua. Wewe unaweka nakala. Tuoneshe."

Masanja alikuwa amekonda, na bado alijaribu kunichokoza. "Toa, mtani. Waone kwamba shule yako ya jioni haikuzaa jinga."

Nikaitoa. Mmoja wa wazee alikuwa amesoma kwa mapadri. Akaishika mbali na macho, akapitisha mistari, akasema, "Jumanne." Akarudia polepole, "Imeandikwa Jumanne."

Masanja akaichukua karatasi. Akaweka kidole chini ya lile neno kama ilivyokuwa kawaida yake, akakitembeza, mdomo ukifuata. Siku hiyo kulikuwa na unyevu wa mvua na wino wangu ulikuwa na saa mbili tu. Alipoinua mkono, kidole chake kilikuwa cheusi. Karatasi ya zaidi ya wiki nne, na wino wake unatoka.

Alikitazama kidole. Akanitazama mimi. Ningeweza kukueleza macho yale, lakini nimejaribu kuyaandika mara nyingi na kila mara ninadanganya. Kisha akakunja ngumi, kidole kikaingia ndani ya ngumi, na mkono ukaingia mfukoni.

"Basi nilisoma vibaya," akasema. "Ndugu zangu, nilisoma vibaya."

Lugendo akamwambia, taratibu kabisa, "Mama amelala matopeni wiki tatu kwa sababu wewe ulitaka kuonekana msomi."

Wakaondoka. Masanja alikuwa wa mwisho. Alipopita mlangoni aligusa kikombe cha kengele, kile kilichotoka kwenye baiskeli yake, akakizungusha kidogo kama mtu anayekaza skrubu iliyolegea. Hakuniaga.

Tangu siku hiyo kwao hawakumpa kusoma kitu. Wala karatasi, wala barua ya mtu, wala hati ya mgawo wa mbegu. Mtu aliyejifunza ukubwani, kwa kidole, wakamnyang'anya, na ushahidi wa kumnyang'anya niliwapa mimi. Mwaka uliofuata aliwaacha, akaenda kuishi Isikizya, akawa anaziba pancha. Mimi nilikuwa nimeshaihama Tabora. Nilimwambia kila mtu kwamba nimepata kazi Ujiji. Kazi haikuwepo, nilichagua mwisho wa reli kwa sababu baada yake kuna maji tu.

Mama yako nilimweleza mwaka wetu wa kwanza hapa. Hakunigombeza. Alichofanya ni kuniuliza kila sikukuu ya Idi, akishanipa chai: "Umeipeleka?" Nikajibu mwakani. Aliuliza hivyo mpaka Idi yake ya mwisho, na wakati huo sauti ilikuwa haitoki vizuri, akauliza kwa kuonesha sanduku kwa kidevu.

Mara moja nilijaribu. Utakumbuka safari ile niliyosema nakwenda Uvinza kununua chumvi. Nilikuwa na tiketi ya Tabora na bahasha mkononi. Treni ilipofika Kaliua nikaona watu wanaoingia wanazungumza kwa lafudhi ya kwetu, na mwanamke mmoja akanitazama kama anayetaka kukumbuka jina. Nikashuka. Nilikaa stesheni mpaka treni ya kurudi ikafika, nikarudi na chumvi ya Uvinza niliyoinunua dirishani.

Kisha yule mchuuzi wa asali, anayepita hapa mwisho wa kiangazi na kukaa nasi barazani. Ulikuwepo, ulimletea maji. Alisema, "Mzee Idi, kule Isikizya nimekutana na fundi mmoja, nilipomtajia Ujiji akanipa salamu zako. Anasema, mwulize mtani wangu, kengele yake bado inalia?" Wewe ulicheka, ukaniuliza kengele gani. Nikasema ni utani wa zamani.

Ni utani wa zamani, Zuhura. Ametuma utani. Nimelifikiria jambo hilo mpaka kichwa kinauma. Mtu niliyemharibia jina bado ananiita mtani wake, na mimi sikujua nimrudishie neno gani, nikampa mchuuzi salamu tupu. Kwa nini alinyamaza siku ile? Kidole chenye wino kingetosha, angekiinua tu. Pengine alidhani nitakuja mwenyewe baadaye, msibani au baada ya msiba, niseme, tucheke, tulie. Pengine alinipa muda, nami nikauchukua wote.

Umeniambia kwamba utapanga chumba Chemchem, uweke taipureta yangu mezani, na baada ya saa za kazi uwapigie watu barua zao. Nimefurahi na nimeogopa. Chombo kitakuharibikia, hilo halina mjadala. Utepe utakatika katikati ya hati ya mtu, umeme utakwenda, wino utamwagika, panya atakula ukingo wa karatasi uliyoambiwa uitunze. Yote hayo yamenipata na hakuna hata moja lililomuumiza mtu. Kilichomuumiza mtu ni yale mawe mazuri niliyoyaweka pasipostahili, na neno moja nililoliandika kwa sababu lilifaa kuwepo. Siku ukifika mahali usipojua, acha papo hapo peupe, halafu umwambie mwenyewe mdomoni: hapa sikusikia. Utaona aibu kiasi cha kumaliza kikombe kimoja cha chai. Aibu hii nyingine ninayo tangu ukiwa darasa la pili.

Ndani ya bahasha kuna ile stensili ya kwanza, nta yake imepasuka lakini neno linasomeka ukiielekeza kwenye mwanga. Kuna nakala ya kweli yenye Ijumaa, na ile ya uongo yenye Jumanne na mchirizi wa kidole chake. Kuna barua niliyomwandikia kwa mkono, kwa herufi kubwa, ya ukurasa mmoja. Nimeandika kwa maneno mafupi ili asikwame popote. Nataka aisome yeye, kwa sauti, mbele ya Lugendo na wengine waliobaki. Wewe usimsomee. Asisomewe na karani, wala na shehe. Wakikuomba usome wewe kwa kuwa una elimu, kataa. Hilo ndilo ombi lenyewe. Mengine yote ni njia ya kulifikia.

Tena kuna kitu kizito kidogo, nimekifunga kwa kitambaa. Ni kile kikombe cha kengele. Nilikifungua ukutani siku tuliyohama.

Naona ninachokufanyia. Nilimpa Masanja karatasi yangu aipeleke kwa watu wake, na lililoandikwa humo likamwangukia yeye. Sasa nakupa wewe bahasha. Wanaweza kukufukuza. Lugendo anaweza kukwambia maneno ambayo binti hastahili kuambiwa, na utakuwa huna la kujibu kwa sababu yatakuwa kweli. Watu wa Chemchem watajua wewe ni mtoto wa nani. Unaanza kazi, unaanza maisha, na baba yako anakutwika mzigo aliouogopa yeye mwenyewe hata kwa umbali wa Kaliua. Nimewaza nikuache uende bila kujua. Lakini ningekuacha, ungekaa kwenye mji ule, ungeikuta hadithi ya fundi asiyejua kusoma, na ungecheka pamoja nao.

Kwa hiyo nakuachia. Hii si amri ya baba. Ukiona huwezi, treni itakapokuwa juu ya daraja la Malagarasi fungua dirisha uiache iende, wala sitakuuliza. Sitakuuliza kama mama yako alivyoniuliza mimi. Ila ukiipeleka, ipeleke mchana, usimame mlangoni kwake, uamkie kwa heshima, useme wewe ni binti wa Idi wa karatasi. Atajua.

Akikuuliza kama kengele bado inalia, mpe kikombe chake. Umwambie hapana, haijalia tangu siku ile.

Akikuuliza nakuja lini, na ataniulizia, maana ni mtani wangu, usimtafutie maneno ya kumfariji. Usiseme homa, usiseme uzee, usiseme mwakani. Miguu ninayo, tiketi najua inakokatwa. Mwambie nilivyo.

Nasikia sauti yako unapita kwa jirani. Naifunga barua hii niiweke juu ya shuka zako, uione kabla hujafunga sanduku.

Mimi Tabora sitarudi.

Baba yako,
Idi